Gari lililomezwa na ardhi: Kwa nini bodi iliyovunjika ilithaminiwa kuliko mpya?

Kabla ya mapambazuko ya Februari 12, 2014, sakafu ya ukumbi mmoja wa makumbusho ya National Corvette Museum, mjini Bowling Green katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ilididimia ghafla na kumeza magari manane. Hakuna aliyejeruhiwa, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mtupu. Mji huo umejengwa juu ya miamba ya chokaa, ambayo maji huimung'unya polepole kwa miaka mingi hadi paa la pango lililojificha linaposhindwa kubeba uzito ulio juu yake.

Miongoni mwa magari hayo lilikuwamo moja jeupe lenye viti vyekundu, lililotengenezwa mwaka 1992. Lilikuwa Corvette ya milioni moja kutoka kiwandani. Lilipotolewa shimoni, boneti ilikuwa imepondwa, fremu ya kioo cha mbele imevunjika, na udongo umepenya kila pembe.

Mikono ya wafanyakazi

Kama lengo lingekuwa kulirudishia gari sura yake tu, kazi isingekuwa ngumu. Vipuri vya Corvette za miaka hiyo vinapatikana, na bodi nyingine ingefungwa na kupakwa rangi ileile. Lakini gari hili lilikuwa na jambo lisilouzwa dukani. Wafanyakazi wa kiwanda cha Bowling Green walioliunda walikuwa wametia saini zao kwenye sehemu zake mbalimbali, nyingi zikiwa mahali ambapo mtazamaji hawezi kuziona. Kutupa kipande kilichovunjika kulimaanisha kutupa pia jina la mtu aliyekitengeneza.

Kwa hiyo mafundi wa kampuni ya General Motors, waliolichukua gari hilo hadi Warren katika jimbo la Michigan, walijiwekea kanuni moja: kinachoweza kutengenezwa kitatengenezwa, na kitabadilishwa kile tu kisichowezekana tena.

Bodi isiyonyooshwa kwa nyundo

Kanuni hiyo ni nyepesi kuitamka kuliko kuitimiza. Bodi ya Corvette, tangu gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1953, si ya bati. Hutengenezwa kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, mali inayokaribiana na ile ya boti za faiba zinazoonekana katika pwani ya Afrika Mashariki. Bati likibonyea, fundi hulinyoosha kwa nyundo na kulichomelea panapochanika. Faiba haibonyei, bali hupasuka, na nyuzi zake zikikatika hazirudi zilivyokuwa.

Fundi wa bodi ya namna hii huanza kwa kutafuta mwisho wa kila ufa, kwa sababu ufa unaoachwa chini ya rangi hujitokeza tena baadaye. Kisha husaga kingo za mpasuko zipungue unene taratibu, hupanga tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo na kuzilowesha kwa gundi maalumu, mara nyingi upande wa ndani na wa nje pia. Zikishakauka, husawazisha kwa msasa kabla ya rangi. Pale penye saini, msasa huo huo unaweza kufuta kile kinachookolewa.

Saini mbili tu

Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miezi minne na takriban saa 1,200, ikihusisha mafundi wapatao 30. Baadhi ya mapande ya nje, likiwemo boneti, yalitolewa kwenye Corvette nyingine ya mwaka 1993 ili yalingane na umri wa gari. Sehemu mbili tu zenye saini zilishindikana kuokolewa. Saini zake zilinakiliwa kwa kompyuta na kubandikwa juu ya vipuri vilivyochukua nafasi zake. Gari lilizinduliwa upya mjini Bowling Green Septemba 3, 2015.

Hata hivyo, si magari yote manane yaliyofanyiwa matengenezo. Ni matatu tu: hilo jeupe, jingine la mwaka 2009, na jeusi la mwaka 1962 lililokamilika mwaka 2018. Matano yaliyobaki yalikuwa yameharibika mno. Kuyatengeneza kungehitaji kubadilisha karibu kila kitu, na yangebaki Corvette kwa jina tu. Makumbusho iliamua kuyaonyesha yalivyo, yakiwa yamepondeka, na wageni huyatazama kama ushahidi wa tukio lenyewe.

Maamuzi hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini yanatokana na swali moja ambalo kila fundi wa magari ya kale hulazimika kujiuliza kabla ya kushika msumeno: je, baada ya kazi hii, kitakachobaki kitakuwa bado ni kile kilichoharibika? Kwa gari jeupe jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu saini za waliolijenga zilikuwa bado mahali pake.