Gari la Miaka 40 na Msamaha wa Ukaguzi: Kweli au Si Kweli?

Ukaguzi wa lazima wa magari Uingereza, uitwao MOT, ulianza mwaka 1960. Tangu tarehe 20 Mei 2018, England, Scotland na Wales zinalisamehe gari dogo lililotimiza miaka 40, mradi halikufanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake. Ubishi huanzia kwenye hiyo miaka 40: inahesabiwa kutoka lini, na nani wa kuithibitisha?

Bamba la namba linataja umri wa gari. Si kweli. Herufi ya mwaka kwenye bamba inaonyesha kipindi cha usajili tu, na isitoshe mabamba huuzwa na kuhamishwa. Sheria inakataza kulivisha gari bamba litakalolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Kulizeesha hakukatazwi. Ndiyo maana gari la mwaka 1988 laweza kupita barabarani na namba ya miaka ya sitini bila mtu kuvunja sheria yoyote. Anayenunua kwa kuangalia bamba peke yake anatafuta hasara.

Kadi ya gari inatosha. Kweli, kwa magari mengi. Kadi ya Uingereza, iitwayo V5C, hubeba tarehe ya usajili wa kwanza, na msamaha wa ukaguzi hukubali tarehe ya kuundwa au ya kusajiliwa kwanza. Shida huwapata wenye magari yaliyotoka nje. Tuseme Land Rover imesajiliwa Kenya mwaka 1979, ikatumika huko miaka mingi, kisha ikapelekwa Uingereza. Tarehe iliyosajiliwa Uingereza haiwezi kuthibitisha miaka 40. Karatasi za kule ilikotoka ndizo zitakazoiokoa, kwa hiyo anayeuza asiitupe kadi ya zamani kwa kudhani kazi yake imekwisha.

Namba ya chesisi inamaliza ubishi. Nusu kweli. Namba yenyewe mara nyingi haitaji siku wala mwezi, ila ni ufunguo wa vitabu vya kiwanda. Jumba la makumbusho la magari la Gaydon, British Motor Museum, hutoa vyeti vinavyotokana na kumbukumbu za viwanda vilivyotengeneza Morris, MG na ndugu zao, na tarehe ya kuundwa huwamo. Karatasi ya namna hiyo ina uzito mbele ya DVLA, idara ya usajili. Tarehe iliyopigwa kwenye kioo au kwenye chuma cha injini haina uzito huo, kwa sababu inataja siku ya kipuri, na kipuri hubadilishwa. Hata “modeli ya 1985” si ushahidi: viwanda vingi vilianza kutoa modeli ya mwaka unaofuata kabla mwaka wenyewe haujafika.

Ukaguzi na kodi husamehewa siku moja. Si kweli, na hapa ndipo tarehe ya kuundwa inapogeuka pesa. Ukaguzi hufuata siku ambayo miaka 40 inatimia. Kodi ya barabara hufuata kalenda: gari lililoundwa kabla ya tarehe 1 Januari 1985 liliruhusiwa kuombewa msamaha kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Sasa chukua gari lililotoka kiwandani Novemba 1984, likakaa kwa muuzaji, likasajiliwa Machi 1985. Mwenye barua ya kiwanda ameacha kulipa mwaka 2025. Asiye nayo husubiri hadi Aprili 2026. Kuna huruma kidogo: asiyejua gari liliundwa lini, lakini lilisajiliwa kabla ya tarehe 8 Januari, gari lake huhesabiwa kuwa liliundwa mwaka uliotangulia. Na kusamehewa kodi hakukuondolei wajibu wa kuikata kila mwaka, hata kama malipo ni sifuri.

Lazima uombe cheti cha msamaha wa MOT. Si kweli. Mwenye gari hutamka mwenyewe wakati wa kukata kodi kwamba gari lake halihitaji ukaguzi. Anayekwenda posta hujaza fomu V112.

Ukibadilisha injini umekosa msamaha. Si lazima. Injini nyingine ambayo kiwanda chenyewe kiliifunga kwenye aina hiyo ya gari haihesabiwi kuwa badiliko kubwa. Idadi ya silinda ikitofautiana na ya awali, hapo una maswali ya kujibu. Ukibadilisha chesisi kwa isiyolingana na ya kwanza, usihangaike na tarehe.

Gari lililosamehewa halimhusu askari. Si kweli kabisa. Kuendesha gari bovu kiasi cha kuhatarisha watu kunaweza kukutoza faini hadi pauni 2,500 na pointi tatu kwenye leseni, hata gari liwe na umri wa babu yako. Wenye busara hulipeleka kwenye MOT kwa hiari, na vituo vya ukaguzi hulipokea.