Karaoke na Haki ya Mtunzi

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kuuliza: karaoke za Korogwe na Handeni zatuhusu nini sisi watu wa Visiwani? Zatuhusu, kwani katika kumbi za Bara taarabu ya Visiwani huimbwa pamoja na nyimbo za dansi, na kila wimbo una mwenyewe.

Wako wenye kumbi wanaodhani kwamba leseni ya biashara na kibali cha Afisa Utamaduni vimekwisha maliza mambo. Sivyo. Kibali huruhusu onyesho. Hakimpi mtu ruhusa ya kutumia kazi ya mwingine. Ruhusa hiyo ni ya mtunzi, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Wengine hujitetea kwamba sauti ya mwimbaji imekwisha ondolewa katika chombo. Hoja hiyo ni dhaifu mno. Kilichoondolewa ni sauti tu. Maneno yangali yanapita katika kioo, na lahani ni ile ile. Wala mtunzi akifariki haki yake haizikwi naye. Marehemu Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na kwa kuwa sheria humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, warithi wake wana haki hata mwaka 2029.

Twakiri kwamba ada ni mzigo kwa mwenye ukumbi mdogo ambaye karaoke yake ni ya usiku mmoja kwa juma. (Hata Daisuke Inoue, Mjapani aliyeunda mashine yake ya karaoke mjini Kobe mwaka 1971, hakuandikisha hataza, na wengine wakatajirika kwa wazo hilo.)

Linalotusumbua zaidi ni fedha hizo ziende wapi. Sheria ya 1999 ni ya Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, kama Bara ilivyo na COSOTA. Mtunzi wa Pemba ambaye wimbo wake umeimbwa Korogwe usiku wa Jumamosi atajulikanaje? Mgao ukifuata orodha za redio peke yake, aliye maarufu ndiye atakayezidishiwa.

Basi kipo kitu kidogo kinachoishia jalalani: vile vikaratasi ambavyo waimbaji huandika jina la wimbo na kumkabidhi mwendesha karaoke. Hilo ndilo daftari la mtunzi. Tungependa halmashauri za Handeni na Korogwe, zinapotoa vibali, zimtake mwenye ukumbi anakili orodha hiyo kila mwezi, na maafisa waifikishe kwa wakusanyaji wa mirabaha. Nazo COSOTA na COSOZA zikubaliane jinsi fungu la mtunzi wa Visiwani litakavyovuka maji. Mwenye ukumbi naye apewe risiti inayoeleza amelipia nini, asije akadaiwa na wawili kwa wimbo ule ule.