Wenyeviti wa kamati za Bunge: kazi yao na safari zao za kisiasa

Mwenyekiti wa kamati katika Bunge la Taifa la Kongo hajulikani sana kwa wapiga kura, lakini sheria nyingi hupita mikononi mwake kabla hazijafika mbele ya Bunge zima lenye viti 500. Mswada ukishapokelewa Kinshasa, hupelekwa kwenye kamati inayohusika. Kamati ya siasa, utawala na sheria hufahamika kwa kifupi chake, PAJ. Ile ya uchumi na fedha huitwa ECOFIN. Nyingine hushughulikia ulinzi na usalama, mambo ya nje, miundombinu na kadhalika. Mwenyekiti hupanga vikao, huongoza mjadala, huita mawaziri na wataalamu kutoa maelezo, kisha husimamia uandishi wa ripoti itakayosomwa mbele ya Bunge zima.

Muda wa kufanya haya yote ni mfupi. Katiba ya mwaka 2006 inaruhusu vikao viwili vya kawaida kwa mwaka: kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, na Septemba 15 hadi Desemba 15. Mswada wa bajeti unatakiwa kuwasilishwa ifikapo Septemba 15, hivyo ECOFIN ina miezi mitatu tu ya kupekua matumizi ya nchi nzima, na hapo hapo Seneti nayo inausubiri mswada huo. Mwenyekiti asiyejua kubana ratiba huacha mafungu mazima ya fedha yapite bila swali lolote.

Kutunga sheria ni nusu tu ya kazi. Ibara ya 138 ya Katiba inalipatia Bunge njia za kuidhibiti serikali, miongoni mwazo maswali kwa mawaziri, kamati za uchunguzi na mahojiano mbele ya kamati. Hapo ndipo mwenyekiti wa kamati anapomgusa mkazi wa Munigi, huku kaskazini mwa Goma, Kivu Kaskazini.

Mei 3, 2021, Rais Félix Tshisekedi alitangaza état de siège, yaani utawala wa kijeshi, katika mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri, nao ukaanza kutumika Mei 6. Gavana wa kiraia, Carly Nzanzu Kasivita, akampisha Luteni Jenerali Constant Ndima. Wakuu wa teritwari, ikiwemo Nyiragongo ambamo Munigi imo, nao walibadilishwa na maofisa wa jeshi na polisi. Baraza la mkoa likasimamishwa, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa kwenye mahakama za kijeshi. Siku chache baadaye, Mei 22, volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikateketeza nyumba nyingi upande huu wa kaskazini mwa Goma. Familia zilizobaki bila paa hazikuwa na mwakilishi wa mkoa wa kumpelekea malalamiko. Waliobaki na haki ya kuwahoji watawala kwa niaba yao walikuwa wabunge wa Kinshasa.

Kwa mujibu wa ibara ya 144, utawala wa aina hiyo hudumu siku 30, kisha Bunge laweza kuuongeza kwa siku 15 kila mara. Ukaongezwa tena na tena. Wabunge wa mikoa hiyo miwili walipoanza kulalamika, kazi ya kuutathmini iliangukia Kamati ya Ulinzi na Usalama, iliyoongozwa na Bertin Mubonzi. Kamati iliwaita mawaziri, ikauliza fedha zimetumikaje, na ripoti yake ikakosoa ukosefu wa mipango ya maana. Hata hivyo utawala wa kijeshi uliendelea. Mwenyekiti anaweza kufichua mambo, lakini hawezi kuwalazimisha wenzake kupiga kura kama ripoti inavyoelekeza.

Tena ripoti yenyewe huweza kukwama njiani, maana tarehe ya kuisoma hupangwa na uongozi wa Bunge. Mfano mkubwa ni kamati maalumu ya mbunge Christophe Lutundula, iliyochunguza mikataba ya madini na biashara iliyosainiwa wakati wa vita, kati ya 1996 na 2003. Ilikabidhi ripoti yake Juni 2005, ikishauri mikataba kadhaa ifutwe au ijadiliwe upya. Wabunge waliipata Februari 2006 tu, na Bunge la mpito likamaliza muda wake bila kuijadili. Huo ulikuwa uzembe mzito, kwa sababu watu wa mashariki ndio walioishi juu ya madini hayo na kufa kwa ajili yake.

Lutundula mwenyewe hakuzimika. Alikuwa makamu wa kwanza wa spika baada ya uchaguzi wa 2006, na mwaka 2021 akawa naibu waziri mkuu anayesimamia mambo ya nje. Profesa André Mbata naye aliongoza PAJ kabla ya kuwa makamu wa kwanza wa spika mwaka 2022. Tanzania ilishuhudia jambo kama hilo: Harrison Mwakyembe aliongoza kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008, na miaka michache baadaye Mwakyembe akaingia serikalini kama naibu waziri, kisha waziri. Uenyekiti humpa mbunge ujuzi wa mafaili na jina. Pia humtia majaribuni, kwani anayetarajia uwaziri kesho huona ugumu kumbana waziri leo.

Jinsi wenyeviti wanavyopatikana huongeza ugumu huo. Huko Kinshasa nafasi hugawanywa kwa mazungumzo kati ya makundi ya wabunge kulingana na nguvu zao, kwa hiyo wingi wa viti ukihama, viongozi wa kamati nao hubadilika. Ilikuwa hivyo baada ya muungano wa Tshisekedi na rais aliyemtangulia, Joseph Kabila, kuvunjika Desemba 2020. Marekani nako chama chenye wingi ndicho kinachotoa wenyeviti. Zamani aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye kamati ndiye aliyepewa kiti. Tangu 1995 Warepublican katika Baraza la Wawakilishi wamejiwekea ukomo wa miaka sita.

Kivu Kaskazini ina upungufu wake wa pekee. Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita, hivyo teritwari hizo mbili hazikupata wabunge wa kuingia kwenye kamati. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Munigi pamoja nayo. Tangu hapo, chombo kilichobaki kwa mwenyekiti wa kamati anayetaka kujua hali ya watu wa huku ni kuwaita mawaziri Kinshasa na kuwahoji.