Wewe unaota kuhama Mukuru, masista walifuata nini huko?

Ukitoka Marani kwenda kutafuta Nairobi, mama atakufungia ndizi na unga wa wimbi. Unashuka Kisii mjini, unapanda basi, na jioni uko Mukuru kwa binamu, keja ya mabati ambayo ukinyoosha mguu unagusa jiko. Wengi wetu tumeanzia hapo kwa sababu Industrial Area ni karibu, unaenda kibarua kwa miguu. Na kuanzia usiku wa kwanza unawaza kitu kimoja tu: nitahama hapa lini?

Mimi pia niliwaza hivyo. Nilikuwa nimeacha chuo, karo imekwama, na sikutaka kuulizwa maswali kijijini. Tulikuwa vijana watatu chumba kimoja, wote wa kutoka Marani, na kila mtu alificha unga wake chini ya kitanda. Tuligombania sukari. Tuligombania hata maji ya jerikeni.

Sasa sikia hii. South B, ambayo ni pua na mdomo na Mukuru, kuna masista wa shirika la Mercy. Ndio walioanzisha hospitali ya Mater mwaka wa 1962. Wangeweza kutulia upande wa lami. Lakini mwaka wa 1985 mmoja wao, Sista Mary Killeen, mwalimu kutoka Ireland, alianza kazi na watoto wa Mukuru. Kutokana na kazi hiyo kukawa na Mukuru Promotion Centre: shule, mafunzo ya ufundi, zahanati, na kituo cha watoto wa mitaani. Piga hesabu. Miaka arobaini na zaidi, mahali ambapo mimi nilijipa miezi sita.

Si jambo geni kwao. Catherine McAuley alipoanzisha shirika hilo Dublin mwaka wa 1831, watawa wengi walikuwa wakikaa ndani ya kuta za nyumba zao. Hawa walitoka kwenda kwa wagonjwa na maskini, hadi watu wakawaita masista wanaotembea. Masista wengi huweka nadhiri tatu: umaskini, useja na utii. Wa Mercy wana ya nne, kuwahudumia maskini, wagonjwa na wasio na elimu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mambo ya nyumbani. Sista akiwa mwalimu au nesi, mshahara wake si wake. Unaingia mfuko mmoja, na mfuko huo ndio unalisha nyumba na kuendesha kazi. Anayelipwa na asiyelipwa wanakula meza moja. Na hawachaguani! Unapangiwa nyumba na mtu wa kabila lingine, umri mwingine, pengine anayekukera, na asubuhi mnasali pamoja. Usiniambie ni rahisi.

Basi sisi watatu tukajaribu kidogo. Kila Jumamosi, kila mtu anatia chochote kwenye mkebe wa majani chai. Wiki ya kwanza tulihesabu pesa kama wezi wanaoogopana. Mwezi wa tatu mwenzetu akakosa kibarua, mkono umeumia. Zamani angefunga virago arudi Marani kwa aibu. Mkebe ukamlipia kodi miezi miwili. Yuko hapa hadi leo, na siku hizi ndiye anayepika vizuri kuliko sisi wote.

Sikuambii uwe sista au bruda. Mimi mwenyewe useja nimeuwazia nikashindwa. Wala sisemi usiomoke. Ukipata nyumba yenye choo ndani, hama, tutakubebea godoro. Nauliza tu, kwa hao unaolala nao chumba kimoja leo, nani anajua kama umekula?

Ukikosa jibu, anza na mkebe.