Shingo, Kidevu na Chini ya Pua: Venye Unanyoa na Wembe Bila Kujimaliza

Mashavu ni rahisi. Msee yeyote mwenye mkono hautetemeki anaeza nyoa shavu na wembe, juu ni uwanja tambarare na ndevu karibu zote zinaangalia chini. Noma inaanza ukifika kwa taya. Chini ya taya, kwa koo, kwa kidevu na hapo chini ya pua ndio damu hutoka, na ndio vipele hukaa wiki mzima. Si ushawahi ona buda ametoka kinyozi Jumamosi aking'aa, halafu Jumanne anajikuna shingo kwa mathree kama ameumwa na kunguni?

Kwanza tuelewane ni wembe gani. Ule wa kukunja wa zamani, chuma moja inanolewa kwa mkanda wa ngozi, wachache sana wanao. Kile vinyozi wengi wa mtaa wako nacho ni mpini wa kukunja unaoingizwa nusu ya wembe wa kawaida, ule wa duka wa kufungwa na karatasi. Mbinu ni karibu ile ile. Tofauti ni kwamba huu wa nusu ni mwepesi, ni mkali, na hausamehi.

Kabla hujaushika, soma ndevu zako. Acha zikue siku 2 ama 3, kisha pitisha kidole polepole. Upande penye pako laini ndio zinaelekea, upande penye panakwaruza ni kinyume. Kwa shingo utashangaa. Kuna wasee zinakua kwenda juu, wengine zinalala kando, na wengine wako na kimbunga kidogo hapo chini ya taya, kushoto zinaenda huku na kulia zinaenda kule. Kinyozi akivuta wembe kutoka juu hadi chini bila kuangalia hiyo kitu, anabahatisha tu na ngozi yako.

Nyoa ukitoka kuoga, ama weka taulo ya maji moto dakika 2 au 3. Nywele ikinywa maji inalainika na wembe haung'ang'ani nayo. Paka povu zito la kunyolea. Sabuni ya kipande inakauka kabla hujafika kidevuni.

Wembe ulaze karibu na ngozi, kama digrii 30 hivi. Ukiusimamisha sana unakwaruza, ukiulaza kabisa unavuta nywele. Usikandamize. Na hii ushike vizuri: wembe huenda mbele tu, kamwe usiuteleze kando kufuata makali yake. Mikato mingi mibaya hutoka hapo.

Sasa kwa hizo kona. Chini ya taya kuna bonde, na wembe ulionyooka hauwezi ingia bondeni. Kwa hivyo usiufuate huko, leta ngozi kwako: geuza uso upande ule mwingine, vuta ngozi ya shingo juu hadi ipande kwa mfupa wa taya, halafu nyoa ikiwa hapo juu. Ule mfupa wa koo unaopanda ukimeza, usiupande nao. Sukuma ngozi kando kidogo, nyoa penye pako flati, achilia, kisha fanya upande wa pili.

Kwa kidevu nywele ni ngumu kuliko kote na mfupa umepinda. Kunja mdomo wa chini juu ya meno ndio ngozi ikaze, kisha nyoa vipande vidogo vya sentimita moja. Hapo haraka haina kazi. Chini ya pua, vuta mdomo wa juu chini kwa meno, inua ncha ya pua na kidole, na utumie ncha ya wembe pekee ukishuka. Pembe za mdomo, fungua mdomo kiasi ndio ile mikunjo inyooke.

Enyewe hizo zote unaeza jifunza kwa mwezi. Kitu inaharibia wengi ni kutaka shingo iwe laini kama ya mtoto. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa, ncha inabaki kali kama mkuki, inarudi ikijipinda na kuingia kwa ngozi tena. Mwili unaiona ni kama mwiba na kuanza kupigana nayo. Hicho ndio kipele. Madaktari wanaita pseudofolliculitis barbae, na huwapata sana watu weusi, hadi jeshi la Marekani limewahi kuwapa askari wenye hiyo shida ruhusa ya kutonyoa.

Kwa hivyo shingoni pita mara ya kwanza kufuata ndevu, mara ya pili kwa kukatiza, halafu weka wembe chini. Kinyume usiende. Ngozi nayo ikaze kiasi tu, juu ukiivuta sana nywele inakatwa ikiwa imetolewa nje, ukiachilia inazama ndani. Itabaki kakivuli fulani hivi. Binafsi naona kivuli ni afadhali kuliko shingo ya mawe.

Ukienda kwa kinyozi, wembe mpya ufunguliwe ukiangalia. Usione haya kuuliza. Virusi vya hepatitis B vinaeza kaa siku 7 nje ya mwili na bado viambukize, kwa hivyo kupangusa wembe wa jana na pamba ya spirit si usafi. Na kale kasanduku ka taa ya bluu ni ka kuhifadhi vifaa vimeshasafishwa, hakageuzi wembe wa zamani kuwa mpya.

Ukimaliza, maji baridi, kisha sugua shabu iliyoloweshwa. Penye itachoma sana ndio penye ulikandamiza, utajua siku ingine.

Na kama vipele vimeshajaa, wacha kunyoa kabisa kama mwezi mmoja hivi. Nywele ikirefuka hujitoa yenyewe. Usiichimbe na kucha wala sindano. Kipele kikikauka kikabaki kigumu na kuendelea kufura, hasa nyuma ya kichwa ama chini ya taya, nenda umwone daktari wa ngozi kikiwa bado kidogo, juu kovu la kufura likishakuwa kubwa, kulitibu ni mwendo mrefu.