Je, Wajua? Barabara ya Kulipia Isiyo na Geti

Je, wajua kwamba zipo barabara kuu za kulipia ambazo hazina geti, kibanda wala karani wa kukata risiti? Antena na kamera hufungwa kwenye fremu ya chuma juu ya barabara. Antena husoma kifaa kilichobandikwa kwenye kioo cha gari. Asiye nacho, namba ya gari lake hupigwa picha na bili ikamfuata nyumbani.

• Wazo hili ni la kale. Mwaka 1959 mwanauchumi William Vickrey alipendekeza magari ya Washington, Marekani, yafungwe vifaa vya kielektroniki, ili anayeingia mjini wakati wa foleni alipe zaidi. Vickrey alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa mshindi.

• Mwaka 1991, mji wa Trondheim nchini Norwe ulianza kutoza magari yenye kifaa huku yakipita bila kusimama.

• Barabara ya 407 karibu na Toronto, Kanada, iliyofunguliwa mwaka 1997, haikujengewa kibanda hata kimoja. Mwenye deni sugu hunyimwa kuhuisha usajili wa gari lake mpaka alipe.

• Ujerumani hutoza malori kwa kufuatilia mwendo wake kwa setilaiti tangu mwaka 2005.

• Taiwan ilifunga vibanda vyake vyote vya barabara kuu mwishoni mwa 2013. Sasa dereva hulipa kwa kilomita, na gari dogo husamehewa kilomita 20 za kwanza kila siku.

• Afrika Kusini iliwasha mitambo yake mkoani Gauteng Desemba 2013. Mitambo iliyaona magari vizuri, lakini wenye magari wengi waligoma kulipa. Aprili 2024 tozo hiyo ilifutwa.

• Nairobi Expressway, yenye kilomita 27, ilipofunguliwa mwaka 2022 ilikuwa na malipo ya kielektroniki, ila geti lilibaki.

Kamera haidai deni. Linalodai ni daftari la usajili wa magari, na sheria inayoheshimiwa. Nawe ukikodi gari ugenini, usidhani barabara isiyo na geti ni ya bure. Muulize mwenye gari namna ya kulipa kabla hujaondoka: kwenye daraja la Dartford, Uingereza, mwisho wa kulipa ni saa sita usiku wa siku inayofuata, kisha faini huanza.