Gurudumu Lina Ngozi: Chagua Dawa Inayolifaa



Leo nataka tuzungumze habari ya kazi ambayo watu wengi huidharau, nayo ni kuosha magurudumu ya gari. Naandika kwa sababu ya jambo nililolikuta Arua siku niliyokwenda kuwatembelea wanachama wetu wanaoosha magari.

Nilipofika nilikuta ugomvi. Gari dogo lilikuwa limetoka Koboko asubuhi, na mwenyewe alitaka lioshwe kabla ya safari ya Kampala. Rimu zake zilikuwa za alumini tupu, zisizopakwa kitu, nazo ziling'aa kama kioo. Kijana wetu alikuwa amepewa jerikani isiyo na jina, akaambiwa, "Hii ndiyo dawa ya magurudumu." Akamimina, akasugua, akaenda kuosha gari lingine. Aliporudi alikuta rimu zote nne zimeingia mabaka meupe kama majivu.

Mwenye gari akadai alipwe. Tajiri wa pale akamwonyesha kidole kijana, akasema atamkata mshahara mpaka deni liishe. Kijana alikaa kimya, mikono ameificha nyuma. Nilipomwambia anionyeshe, niliona ncha za vidole vyake zimekuwa nyeupe. Akasema, "Mzee, haviumi sana." Usiku ule hakulala kwa maumivu. Alikaa wiki tatu bila kazi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, katika jerikani moja kuliharibika mali ya mteja, mshahara wa mfanyakazi na mikono yake. Yote hayo yangeweza kuzuiwa kwa kujua jambo moja tu: dawa huchaguliwa kwa ngozi ya gurudumu, haichaguliwi kwa wingi wa uchafu.

UCHAFU NI WA NAMNA MBILI

Barabara yetu kutoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, siku hizi ina lami. Lakini magari mengi huiacha lami hiyo na kuingia vijijini, au kwenda kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi. Yanarudi yamejaa vumbi jekundu na tope. Uchafu huu hauna ukaidi. Maji mengi na sabuni vinautosha, hata kama ni mwingi wa kutisha.

Uchafu wa pili ni ule unga mweusi unaotoka kwenye breki. Dereva akikanyaga breki, pedi na diski husagana, na unga wenye chembe za chuma hurukia rimu. Unga huo ni wa moto, tena ukipata maji hushika kutu palepale ulipokaa. Huu ndio uchafu mkaidi, na ndio unaowafanya watu watafute dawa kali.

NGOZI ZA MAGURUDUMU

Zitazameni vizuri rimu zinazoingia kwenu. Nyingi ni za namna hizi tano.

Ya kwanza ni chuma kilichopakwa rangi. Hizi ndizo rimu za malori, za matatu nyingi, na za Land Cruiser nyeupe za mashirika. Ni ngumu, lakini rangi yake ikichubuka, tindikali huingia kwenye mchubuko na kutu huanza. Zinataka sabuni na brashi tu.

Ya pili ni kifuniko cha plastiki kinachofichia rimu ya chuma. Hiki kinataka maji ya sabuni na kitambaa. Petroli na tina ya kuchanganyia rangi huyeyusha rangi yake na kukifanya kivunjike upesi.

Ya tatu ni alumini iliyopakwa rangi au vanishi isiyo na rangi. Magari madogo mengi yanayotoka Japani yana rimu hizi. Hapa kumbukeni kwamba hamwoshi alumini, mnaosha vanishi. Vanishi ikiwa nzima, sabuni laini inatosha. Dawa kali au msasa ukiitoboa, maji huingia chini yake na alumini huanza kuota ukungu mweupe unaotambaa kama mizizi. Ukungu huo hautoki kwa kuoshwa. Ni lazima rimu ikwanguliwe na kupakwa upya.

Ya nne ni alumini tupu iliyong'arishwa, kama ile ya gari niliyoitaja. Hii ndiyo yenye ngozi nyepesi kuliko zote. Tindikali huila, na kostiki soda pia huila. Akina mama wanaotengeneza sabuni wanalijua jambo hili: hawakorogi kostiki soda katika sufuria ya alumini, maana itachemka povu na sufuria itatoboka. Rimu ya alumini tupu ni ndugu wa sufuria hiyo. Ioshwe kwa sabuni laini, ikaushwe, kisha ing'arishwe kwa dawa laini ya alumini na kitambaa safi.

Ya tano ni kromu. Mtaiona kwenye rimu za magari ya fahari na kwenye pikipiki za boda boda. Kromu ni utando mwembamba sana uliowekwa juu ya madini mengine. Inang'aa na ni ngumu, lakini tindikali ya chumvi na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kama Jik, huiharibu. Ikitoboka, kutu hutokea chini na utando hubanduka kama gamba la samaki. Ioshwe kwa sabuni. Ikiwa na madoa madogo ya kutu, chukua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikunje, ichovye katika maji, usugue polepole. Kutu itatoka na kromu haitakwaruzika.

JINSI YA KUITAMBUA NGOZI

Mwenzangu atauliza, "Nitajuaje, na zote zinang'aa?" Kuna majaribio mawili ambayo hayana gharama.

Jaribio la kwanza ni sumaku. Kipande cha sumaku kutoka kwenye spika mbovu ya redio kinatosha, lakini kifunge kwa kitambaa kisikwaruze. Ikishika, rimu ni ya chuma, ama ya rangi ama ya kromu. Isiposhika, ni alumini.

Jaribio la pili ni kitambaa cheupe. Tia tone la dawa ya kung'arisha madini, sugua mahali pasipoonekana, upande wa ndani wa rimu iliyokwisha kuoshwa. Kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni alumini tupu. Kikibaki bila weusi, kuna vanishi juu yake. Jaribio hili huchukua dakika moja, nalo lingemwokoa kijana wetu.

DAWA ZENYEWE

Dawa za kusafishia zimegawanyika katika mafungu.

Fungu la kwanza ni sabuni laini, isiyo tindikali wala magadi, kama shampuu ya gari. Hii inafaa ngozi zote tano. Anza na hii kila mara.

Fungu la pili ni dawa za magadi, toka sabuni ya unga hadi kostiki soda. Sabuni ya unga kidogo katika maji mengi inaweza kutumika kwenye chuma chenye rangi, isuuzwe upesi. Kostiki soda isiguse gurudumu lolote.

Fungu la tatu ni dawa ya kuyeyusha unga wa breki. Siku hizi inauzwa, na utaitambua kwa sababu ikikutana na chembe za chuma hugeuka rangi ya zambarau, tena inanuka vibaya. Usiogope rangi ile, si rimu inayoharibika. Dawa hii inafaa vanishi iliyo nzima. Soma maandishi yake kwanza, vaa glavu, wala usiiache ikaukie.

Fungu la nne ni tindikali. Humu mna maji ya betri, tindikali ya chumvi, na zile dawa zisizo na jina zinazouzwa kwa jerikani. Hutoa uchafu haraka, ndiyo maana matajiri wengine huzipenda. Lakini hazijui tofauti ya uchafu, rimu na kidole. Ushauri wangu ni mmoja: ziacheni.

Tena msitumie stilwuli, mchanga wala msasa juu ya rimu yoyote inayong'aa. Lami iliyoganda itolewe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo sana, mbali na moto, kisha paoshwe kwa sabuni palepale. Mafuta hayo yasikae kwenye tairi, maana yanaharibu mpira.

MPANGO WA KAZI

Kwanza, acha gurudumu lipoe. Gari lililoteremka kwa breki kutoka mbali lina rimu ya moto. Dawa hukaukia juu yake na kuacha madoa, na maji baridi ya ghafla yanaweza kupinda diski ya breki.

Pili, mwagia maji mengi uondoe mchanga. Ukisugua kabla ya hapo, mchanga huohuo ndio msasa wako.

Tatu, osha gurudumu moja, lisuuze, ndipo uende la pili. Usipake dawa magurudumu yote manne kwa mara moja, hasa juani.

Nne, tenga ndoo na kitambaa cha magurudumu. Kitambaa chenye unga wa breki kikigusa bodi ya gari kitaichora.

Tano, kausha. Maji yakikaukia kwenye rimu huacha alama.

MIKONO YAKO NI MTAJI WAKO

Sasa nirudie habari ya vidole vya kijana. Baadhi ya dawa za magurudumu zina tindikali iitwayo haidrofloriki, au chumvi za jamii yake. Tindikali hii ina hila. Ikiwa imezimuliwa haiunguzi papo hapo. Hupenya ngozi taratibu, huingia nyamani na kuitafuta kalsiamu, yaani ile inayojenga mifupa. Maumivu huja baada ya saa nyingi, na wakati huo imekwisha fika ndani. Ikimpata mtu sehemu kubwa ya mwili, hata moyo unaweza kusimama.

Basi dawa yoyote kali ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kisha nenda hospitali mara moja hata kama huumwi. Beba chombo cha dawa, au maandishi yake, umwonyeshe daktari. Ikiwa ni haidrofloriki, iko dawa yake ya kalsiamu, na daktari hawezi kuitumia asipoambiwa. Ikiingia jichoni, osha jicho kwa maji bila kuacha, na mwenzako akutafutie usafiri.

Kamwe usichanganye dawa mbili. Tindikali na Jik zikikutana hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Wala usitie dawa katika chupa ya soda, mtoto ataiona ni soda. Na kumbuka kwamba maji machafu ya Arua huteremkia mto Enyau, na mto huo ndio wenye maji tunayokunywa mjini.

SHERIA INASEMAJE

Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006. Sheria hiyo inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mavazi ya kinga yanayofaa, pale kazi inapowaweka katika maji au vitu vya kudhuru. Kwa hiyo glavu, miwani na mabuti ya mpira si zawadi ya tajiri. Sheria ya ajira ya mwaka huohuo nayo imetaja makato yanayoruhusiwa katika mshahara, na mwajiri hawezi kukata apendavyo. Na katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi.

Katika ugomvi ule, tuliketi chini ya mwembe, mwenye gari, tajiri, kijana na chama. Tuliuliza swali moja: jerikani imeletwa na nani? Tajiri alikuwa mtu wa kusikia, akakubali kwamba ameileta yeye. Akalipa gharama ya kung'arisha rimu upya, na mshahara wa kijana haukukatwa. Vidole vimepona, ila ukucha mmoja haujarudi sawasawa.

Toka siku hiyo, wanachama wa pale wamekubaliana mambo matatu, nami nayaleta kwenu wa Koboko na kwingineko muyafikirie. Mosi, dawa isiyo na jina haifunguliwi. Pili, gari likiingia, mwoshaji na mwenye gari wanazitazama rimu pamoja, na mikwaruzo iliyopo inaandikwa kwenye daftari kabla ya maji kumwagwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, kijana mpya haguswi na dawa yoyote ila sabuni, mpaka mwenzake amfundishe sumaku na kitambaa cheupe.

Mtu mmoja akikataa jerikani isiyo na jina, ataambiwa aende nyumbani. Wote wakiikataa, jerikani ndiyo itakayokwenda.

Umoja ni nguvu.